Gari Kuliambia Gari: Niliyojifunza Njia ya Kanyangi

Mwaka juzi, mvua za Novemba zikiwa zimepamba moto, nilitoka Mombasa na jamaa watatu kupeleka posa Kanyangi. Kwa asiyekujua huko, Kanyangi iko kaunti ya Kitui, upande wa Mto Athi, na ukivuka mto huo uko Makueni. Tulishika barabara ya Nairobi hadi Kibwezi, tukakata kulia kuelekea Ikutha na Mutomo. Hapo lami ni nzuri, gari linateleza kama jahazi lenye upepo wa nyuma. Baadaye tukaiacha lami tukaingia barabara ya vumbi, na simu zetu zikaanza kupoteza mtandao mmoja baada ya mwingine.

Mbele yetu likatokea lori la mchanga. Likatupiga taa mara tatu. Dereva wetu, kijana wa Kisauni, akapunguza mwendo. Lori likasimama ubavuni mwetu na dereva wake, mtu mzima, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee," aliniambia mimi niliyekaa mbele, "huko korongoni ni kiw'u. Maji yameshuka. Mimi nimegeuka, na mwenzangu aliye nyuma amegeuka pia."

Kiw'u kwa Kikamba ni maji. Pale tulipokuwa jua lilikuwa linawaka na wala hapakuwa na wingu. Ramani ya simu ilionyesha barabara iko wazi. Tukamsikiliza mzee wa lori. Tulikaa chini ya mkuyu hadi jioni, posa ikachelewa, wazee wa bi harusi wakatutania usiku kucha. Asubuhi yake tulipita korongo lile lile, nikauona ukuta wa daraja dogo umelala ubavu mchangani.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma juu ya jambo ambalo wahandisi wanalihangaikia duniani kote: namna magari yanavyoweza kupashana habari yenyewe kwa yenyewe, tena upesi na kwa gharama ndogo. Leo nataka kulieleza kwa lugha yetu, maana linatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Gari la leo lina macho na masikio

Gari la kisasa limejaa vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima na kuhisi. Kuna kinachopima mwendo wa kila gurudumu, kinachojua breki imekanyagwa, kinachohisi joto la injini, kinachojua wapangusa kioo wanafanya kazi. Kuna kipokezi cha setilaiti kinachojua gari liko wapi. Magari ya bei kubwa yana kamera, rada, na laida, ambayo hupiga miali ya mwanga pande zote na kupima umbali wa kila kitu kilicho karibu.

Ndani ya gari vihisi hivi huzungumza kupitia waya wa pamoja. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza utaratibu wa mazungumzo hayo mwaka 1986, nao umeenea hadi leo. Fundi wako wa Changamwe anapochomeka kile kimashine chake chini ya usukani kusoma hitilafu, anasikiliza mazungumzo hayo.

Lakini habari hizo huishia ndani ya gari. Gari la mbele limeteleza kwenye tope na vihisi vyake vimejua. Wewe uliye nyuma kona moja hujui lolote, ilhali kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde moja.

Kwa nini tusitume kila kitu?

Hesabu ndiyo inayokataa. Chukua kamera moja tu ya kawaida. Picha yake ina nukta 1920 kwa 1080, kila nukta inachukua baiti 3, na picha ni 30 kwa sekunde. Zidisha: ni takriban megabaiti 187 kila sekunde, kabla ya kubanwa. Hakuna mnara wa simu wa Kitui wala wa Mombasa utakaobeba mzigo huo kwa gari moja, sembuse mia.

Hata habari ndogo hujazana. Kwa kawaida masafa ya redio yanayotumiwa na magari kuzungumza hubeba kama megabiti 6 kwa sekunde. Gari likituma ujumbe wa baiti 300 mara 10 kwa sekunde, hiyo ni kilobiti 24. Magari 250 yakikutana mahali pamoja, kama foleni ya Likoni wakati wa Idi, njia yote imejaa na hakuna anayemsikia mwenzake. Ni kama baraza ambapo kila mtu anasema kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ufundi wote uko katika kujua la kusema, la kunyamazia, na wa kuambiwa. Kanuni zake nimezifupisha tano.

Kanuni tano za kusema kidogo

*Ya kwanza: tuma chakula kilichopikwa.* Gari lisitume picha ya ng'ombe. Litambue lenyewe kwamba ni ng'ombe, kisha litume maneno machache: kitu fulani, mahali fulani, kinakwenda upande fulani kwa mwendo fulani. Megabaiti 187 zimegeuka baiti chache. Mzee wa lori alifanya hivyo hivyo. Hakutuletea picha ya korongo, alituambia "maji yameshuka" na tukaelewa.

*Ya pili: sema panapokuwa na jipya.* Utaratibu wa Ulaya unalitaka gari litangaze mahali lilipo pale tu linapokuwa limesogea zaidi ya mita 4, au mwendo umebadilika kwa nusu mita kwa sekunde, au uelekeo umegeuka zaidi ya nyuzi 4. Kama hakuna kilichobadilika, linatoa sauti mara moja tu kwa sekunde ili wenzake wajue lipo. Gari la kilomita 80 kwa saa linajikuta likisema mara tano au sita kwa sekunde, na lililoegeshwa mara moja.

*Ya tatu: usirudie aliyoyasema mwenzio.* Magari kumi yakimwona punda mmoja barabarani, haina haja yote kumi yatangaze. Likishasikia jirani ametangaza, gari linaweza kunyamaza. Hapa pana mizani ya kupima: ukinyamazisha sana, kosa la gari moja linakuwa kosa la wote. Mashahidi wawili watatu wanafaa. Mashahidi hamsini ni makelele.

*Ya nne: punguza bahasha.* Kila ujumbe unaopita kwenye intaneti huvishwa bahasha ya anwani, ambayo kwa kawaida si chini ya baiti 40. Habari ya gari liko wapi, saa ngapi na kwa mwendo gani inaweza kutosha katika baiti 16. Ukizituma peke yake, zaidi ya thuluthi mbili ya unacholipia ni bahasha tupu. Ni kama kupakia andazi moja katika katoni nzima. Ukikusanya habari 60 na kuzituma pamoja, bahasha inashuka hadi asilimia 4. Zaidi ya hapo, ukishaandika mahali pa kwanza kwa ukamilifu, panapofuata andika tofauti tu. Ujumbe mfupi wa simu, huu wa kawaida, hubeba baiti 140. Kwa njia hiyo ya tofauti, ukichukua alama moja kila dakika, ujumbe mmoja unabeba safari ya nusu saa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinatosha.

Lakini kukusanya kuna bei yake, nayo ni kuchelewa. Ripoti ya mafuta inaweza kungoja nusu saa. Ya breki ya ghafla haingoji hata sekunde. Kwa hiyo utaratibu mzuri una milango miwili: wa dharura na wa mizigo.

*Ya tano: anayehusika ni jirani.* Gari lililosimama ghafla Mariakani halina haja ya kumwambia aliye Nairobi. Anayehitaji kujua ni yule wa mita 300 nyuma. Ndiyo maana redio ya gari kwa gari haipitii mnara wa simu wala kompyuta ya mbali. Inafika mita mia kadhaa, na mahali peupe hukaribia kilomita moja. Haihitaji kadi ya simu wala salio.

Punda milia walitutangulia

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya Ulaya na Japani. Basi nikupeleke Laikipia.

Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani waliwavisha punda milia mikanda ya shingo katika hifadhi ya Sweetwaters, Laikipia. Mradi uliitwa ZebraNet. Kila mkanda ulikuwa na kipokezi cha setilaiti, redio, kumbukumbu, na umeme wa jua. Eneo lile halikuwa na mtandao wa simu wa kutegemewa, na huwezi kumwambia punda milia asimame karibu na mnara.

Wakafanya hivi. Punda wawili wakikutana kisimani au malishoni, mikanda yao inabadilishana habari: wangu nakupa, wako nipe. Mtafiti akipita na gari na kumkaribia punda mmoja tu, anaweza kuondoka na habari za wengi ambao hakuwaona. Shida waliyopambana nayo ni ile ile ya kanuni zetu: kila mmoja akimpa kila mwenzake kila kitu, kumbukumbu inajaa na betri inakufa. Ikabidi wapime nani ampe nani, na nini kifutwe.

Huko India wazo la namna hiyo lilitumika kwa mabasi miaka hiyo hiyo, kwa jina la DakNet. Basi lilipita kijijini, kituo cha kijiji kikamiminia barua pepe zake ndani ya kisanduku kilichomo basini, na basi likazifikisha mjini penye intaneti.

Sasa fikiria matatu ya Kanyangi. Asubuhi inapita makorongo yote hadi Kitui mjini. Jioni inarudi. Haina mtandao njiani, lakini inapishana na malori ya mchanga, bodaboda na matatu wenzake. Kifaa cha bei ndogo kinachobadilishana maneno machache wanapopishana kingefanya kazi ya mzee wa lori, hata pale madereva wanapopita bila kusimama.

Tulichonacho tayari

Afrika Mashariki hatuko mikono mitupu. Sheria za matatu za mwaka 2003, ambazo watu waliziita za Michuki, zilileta spidi gavana na kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Kiwango cha Kenya cha mwaka 2018, KS 2295, kikaenda mbele: kifaa kisizuie mwendo tu, bali kiurekodi na kuupeleka kwa NTSA. Tanzania, mabasi ya mikoani yana mfumo wa kufuatiliwa ulioanza enzi za SUMATRA na sasa uko chini ya LATRA.

Bandari yetu ya Mombasa ndiyo mlango wa mfumo mwingine mkubwa. Tangu 2017, mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia mizigo ya kupita kwa kufuli za elektroniki. Trela likitoka Mombasa, kufuli inasema liko wapi, na ikiguswa inapiga kelele kwenye vituo vya ufuatiliaji. Malori hayo yanapita Makueni usiku na mchana.

Na kuna kazi ya wananchi. Mradi wa Digital Matatus, uliohusisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani, ulitumia simu za mkononi kuchora njia za matatu za Nairobi, na ramani ikatolewa kwa umma mwaka 2014. Ma3Route iliwapa wasafiri nafasi ya kuambiana foleni iko wapi.

Lakini itazame mifumo ya serikali yote kwa pamoja. Habari inapanda juu: kutoka gari kwenda ofisini, kwa ajili ya kukamata, kutoza au kulinda kodi. Haishuki tena, wala haiendi upande. Trela la mizigo linajua limesimama dakika arobaini katikati ya barabara penye kona. Ofisi inajua. Basi linalokuja nyuma halijui. Dereva wa basi anategemea utingo wa trela amekata matawi na kuyapanga barabarani, kama tulivyozoea kuona njia yote ya Voi. Hilo tawi ndilo kihisi chetu cha pili baada ya taa, na limeokoa watu wengi. Lakini usiku wa mvua tawi halionekani.

Wenzetu wamefika wapi

Marekani ilitenga masafa ya gigahezi 5.9 kwa kazi hii mwaka 1999. Miaka zaidi ya ishirini ikapita na magari machache tu yakayatumia, hadi Novemba 2020 serikali ilipoamua kuchukua sehemu kubwa ya masafa hayo na kuipa Wi-Fi. Japani, Toyota ilianza kuuza magari yenye kuzungumza mwaka 2015. Ulaya, Volkswagen iliweka redio hiyo katika Golf ya kizazi cha nane, iliyozinduliwa mwishoni mwa 2019.

Kilichowachelewesha ni mabishano ya lugha. Kundi moja lilitaka redio ya jamii ya Wi-Fi, jingine likataka ya jamii ya simu, na hizi mbili hazielewani. Gari lenye redio ya peke yake ni kama mtu mwenye simu pekee duniani: atampigia nani? Sisi tunaoagiza magari yaliyotumika Japani na Uingereza tutapokea lugha mbili tofauti gati moja la Kilindini. Kwa hiyo ni vyema wakubwa waamue mapema lugha ya pamoja ya Afrika Mashariki, kabla kila muuzaji hajaleta yake.

Uwongo na siri

Swali la haki ni hili: nitajuaje gari linalosema "barabara imefungwa" halidanganyi? Njia ya mwongo ni fupi, lakini kwenye mtandao hata njia fupi inatosha kusababisha maafa. Dawa yake ni saini ya kidijitali: kila ujumbe unatiwa alama inayothibitisha kwamba umetoka kwenye kifaa kilichosajiliwa. Saini nayo ina uzito. Mara nyingine ni kubwa kuliko ujumbe wenyewe, ndiyo maana wahandisi hawaambatanishi cheti kizima kila mara.

Swali la pili ni siri. Gari likitangaze lilipo kila sekunde, anayesikiliza anaweza kujua unalala wapi, unaswali wapi na unamtembelea nani. Mifumo ya Ulaya na Marekani hulipa gari majina ya bandia yanayobadilishwa mara kwa mara, ili jirani ajue kuna gari bila kujua ni la nani. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Tanzania wana yao ya 2022. Mwenye matatu na dereva wake wana haki ya kuuliza: habari za gari letu mnazikusanya kwa lengo gani, mnazikalia muda gani, na mnampa nani? Kuuliza si ujinga.

Enziu

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa wengine waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti hiyo hiyo ya Kitui. Maji yalikuwa yamefunika daraja. Basi likasombwa. Waliofariki walizidi 30. Watu walikuwa ukingoni wakitazama, na simu zilikuwa zinarekodi.

Nimelifikiria sana tukio hilo, kwa sababu na sisi tulikuwa njia ya harusi. Sitaki kudanganya kwamba kifaa kingewaokoa kwa hakika. Dereva aliyaona maji kwa macho yake. Asichoweza kuona ni kina na nguvu ya mkondo, na hilo hakuna kihisi cha gari kinachopima ukiwa bado ukingoni. Lakini kuna njia ya kujua bila kupima. Magari matatu yaliyofika mahali pamoja yakasimama, yakageuka, yakarudi: huo ni ujumbe tosha, na vihisi vya kawaida vya setilaiti vinaujua. Ukiambiwa kilomita 10 kabla kwamba watatu wamegeuka, unaamua ukiwa umetulia, kabla abiria hawajaanza kukuhimiza kwamba harusi inachelewa. Ongeza nguzo yenye alama za rangi korongoni, au kipimo cha kina chenye redio ndogo, na dereva ana shahidi wa kumtegemea.

Hoja yangu basi ni nyepesi. Vifaa vya kufuatilia magari tunavyo tayari. Vimo katika matatu na katika trela za mizigo ya kupita. Kinachokosekana ni kanuni kwamba habari za hatari, yaani gari limekwama, barabara imekatika, magari yanageuka, zirudi kwa walio njiani bila jina la mtu na bila malipo. Ujumbe mfupi mmoja kwa kila dereva unatosha kuanzia. Sakosi za matatu zinaweza kulidai hilo kwa wauzaji wa vifaa katika mkataba ujao. Serikali za kaunti zinazopitiwa na makorongo, kutoka Tana River hadi Kitui na Makueni, zinaweza kulidai kwa pamoja.

Mpaka siku hiyo, tutumie tulichonacho. Ukipigwa taa, punguza mwendo na uulize. Ukigeuka mbele ya maji, usikimbilie kwako tu: simama, mwambie anayekuja. Ukitoa tawi lori likishatengemaa, liondoe barabarani, maana onyo la uwongo hulifanya la kweli lisisikilizwe.

Na posa yetu ilikubaliwa. Baba wa bi harusi alipouliza kwa nini tumechelewa, nilimwambia tuliambiwa na lori. Akatikisa kichwa, akasema huku kwao mtu hupimwa kwa mambo mawili: anavyompa mgeni maji, na anavyomwonya juu ya maji.